Sauti Yangu Ilivyouza Dawa ya Kaswende

Niseme upumbavu wangu kwanza, yaliyobaki yatajipanga yenyewe. Likizo ya Desemba, nikiwa kidato cha pili, nilirekodi tangazo la dawa ya miti shamba ambayo sikuwahi kuionja, ya ugonjwa ambao sikuwahi kuuona, kwa malipo ya chapati iliyokunjwa na mayai na soda baridi. Tangazo likaingizwa kwenye kipaza sauti, kipaza sauti kikaning'inizwa juu ya meza ya mzee mmoja wa dawa pale Nakivubo, na kwa miezi kadhaa sauti yangu ikawa inawaelekeza wanaume wazima wa Kampala namna ya kutibu kaswende. Na sauti yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imevunjika. Nilikuwa naifurahia kama mtu aliyenunuliwa pikipiki.

Aliyeniingiza kazini ni mjomba wangu, kitinda mimba wa kwao mama. Alikuwa fundi wa redio, simu na vipaza sauti, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka palepale Nakivubo, kidogo kiasi kwamba mteja akitaka kupiga chafya fundi anatoka nje kwanza. Watu wakipanda ngazi, vumbi linatudondokea kichwani, na mjomba anajua kwa mlio wa viatu kama anayepanda ni mnunuzi au mtu wa kodi. Likizo zote nilikuwa namtoroka mama dukani kwake Kansanga, ambako kazi yangu ilikuwa kukunja upya vitambaa vya hijabu vilivyokunjuliwa na wateja wa kuangalia tu, na kukimbilia kwa mjomba. Yeye aliniita mjomba, na mimi nilimwita mjomba, ndivyo tunavyoitana kwetu. Sasa niko kidato cha sita, kibanda kile kimegeuzwa stoo ya mabeseni, na bado nikinusa risasi ikiyeyushwa kwenye waya mahali popote nasimama kidogo. Ni harufu mbaya, tuseme ukweli. Lakini kwangu ndiyo harufu ya kucheka kuanzia asubuhi mpaka miguu inauma.

Yule mzee wa dawa alikuwa mteja wetu wa kudumu, kwa sababu kipaza sauti kinachoimba siku nzima juani lazima kife mara kwa mara. Tangazo lake la Kiganda alikuwa nalo tayari. Alichotaka ni la Kiswahili, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kongo, Wakenya, na askari wanaopita pale siku zao za mapumziko. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, hakikufika kwenye magonjwa. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili tangu zamani. Babu wa babu yangu alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani na akasahau kurudi. Kwa hiyo mjomba akaninyooshea kidole, na mimi nikakaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, simu ya mjomba mbele ya mdomo wangu, blanketi limetufunika kichwa ili honi za teksi zisiingie.

Mzee alinitajia maneno na mimi nikayageuza. Enziku, nikasema kisonono. Kabotongo, nikasema kaswende. Kisha kandida, presha, vidonda vya tumbo, na wanaume waliochoka. Yote chupa moja. Nilimuuliza kama chupa hiyo inatengeneza redio pia, mjomba akanikanyaga mguu.

Sasa, hapa ndipo penye aibu yenyewe. Mimi sikuwa mtoto asiyejua. Muhula uliotangulia likizo ile tulikuwa tumefundishwa magonjwa ya zinaa, na mwalimu wetu wa baiolojia, mama mmoja mfupi mwenye subira ya kutisha, alitusubiri tucheke. Tulicheka mpaka mwingine akaanguka na benchi. Akasema tumalize tu, mtihani uko palepale, hauna pa kwenda. Halafu akaanza. Kisonono, mwanaume anaungua akikojoa na anatoa usaha, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho asione kitu. Klamidia ndiyo nyamavu kupita yote. Malengelenge ya sehemu za siri yanauma, yanaondoka, yanarudi. Na kaswende, alisema, ndiyo tapeli. Inaanza na kidonda kisichouma. Kidonda kinakauka chenyewe baada ya wiki chache, umekunywa dawa hukunywa, na mtu anashangilia, kumbe ugonjwa umehama tu, umeingia kwenye damu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nilipata alama zote. Nadhani ndilo swali pekee nililopata alama zote mwaka ule.

Basi chini ya blanketi tulipofika kwenye kaswende, sentensi ya mzee ilikuwa ndefu, haina mdundo. Mimi ni mtu wa mdundo. Nikaitupa, nikaweka yangu:

"Kidonda kisichouma, usihangaike na mtu. Chupa moja, wiki tatu, hakuna tena kitu."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mjomba alipiga makofi, akasema hiyo hiyo, usibadilishe. Zile wiki tatu nilizitoa wapi? Kutoka daftari langu la baiolojia, bwana. Nilichukua jambo la kweli, kwamba kidonda kinapotea, nikalipachika kwenye chupa ya uongo, kwa sababu lilikuwa linaingia vizuri kwenye wimbo.

Wallahi nilikuwa na raha. Nilikuwa napita pale na wenzangu wa shule, tunasimama ng'ambo ya barabara na mahindi ya kuchoma, tunasubiri zamu ya Kiswahili. Kiganda kwanza, halafu mimi. Wapakiaji wa mizigo walikuwa wanaimba wimbo wangu wakibeba magunia. Siku moja konda wa teksi aliimba akirudisha chenji, na mimi nikiwa ndani ya teksi ileile, nikatazama dirishani kama mheshimiwa anayeficha uso. Mama ananunua mzigo wake upande mwingine wa mji, hakuwahi kupita pale. Kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa swala kamili, jambo ambalo mama mwenyewe angelifurahia kama asingejua sababu.

Likizo ya Mei ndiyo iliyoleta mengine.

Mke wa mjomba, ambaye mimi namwita Anti, ni Mnubi wa Bombo. Anafuma makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na alikuwa anafuma kawa kubwa kuliko yote kwa ajili ya siku ya mtoto kupewa jina. Mchana mmoja alifika kwetu Kansanga na begi. Kawa halikuwemo. Mama alimtazama usoni, akanituma mkaa. Mkaa tulikuwa nao. Nilizunguka nyumba nikakaa chini ya dirisha la jiko, kama mtoto yeyote mwenye akili.

Anti alikuwa amekwenda kliniki ya wajawazito. Kule wanakuchoma kidole, wanapima Ukimwi na kaswende kwa tone lilelile. Ukimwi hakuwa nao. Kaswende alikuwa nayo. Muuguzi hakumgombeza, alimchoma sindano ya kwanza siku ileile, akampa tarehe ya nyingine, na akamwambia arudi na mume, kwa sababu mume asipotibiwa atamrudishia, na mtoto aliye tumboni ndiye atakayelipa. Anti akaenda nyumbani akamwambia mjomba. Mjomba akasema yeye haendi popote. Akasema yeye ni mzima. Kama kuna ugonjwa ndani ya nyumba, basi aliyepimwa nao ndiye aliyeuleta, na kwa hiyo aende akapumzike kwa dada mtu mpaka aseme ameutoa wapi.

 Mama akamuuliza, polepole, kama mjomba hakuwahi kuwa na dalili yoyote.

"Ameniambia alikuwa na kidonda, Januari," Anti alisema. "Anasema hakikumuuma. Alikunywa dawa ya Nakivubo kikakauka. Ananiimbia kabisa, wifi. Chupa moja, wiki tatu, hakuna tena kitu."

 Mjomba alikuwa chini ya blanketi pamoja nami. Aliniona nina mabaki ya mayai mdomoni. Alijua kwamba ninayesema ni mimi, mpwa wake, niliyewahi kumwaga chai kwenye redio ya mteja na kusema ni mvua. Lakini sauti ile ilipotoka kwenye kipaza sauti, mara mia kwa siku, juu ya kichwa chake, haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya dawa.

Asubuhi nilikwenda Nakivubo. Nilijipangia hotuba ndani ya teksi, nzuri kweli, na ilipotea yote nilipofika ngazini. Mjomba alikuwa peke yake, amekonda kidogo, anachomelea waya wa redio. Alifurahi kuniona. Akaniuliza kama Anti amekula. Nikasema amekula. Akarudi kwenye redio, na mwanga wa taa yake ndogo ukaangukia mikono.

Viganja vyake vilikuwa na madoa. Madogo, ya mviringo, rangi ya shaba, kama mtu aliyeshika sarafu zenye kutu na hakunawa.

"Mjomba, mikono imekuwaje?"

"Risasi," alisema. "Moshi wake una sumu. Fundi yeyote mzee atakuambia."

"Inawasha?"

"Haiwashi. Ipo tu."

Mwalimu wa baiolojia alikuwa ameandika ubaoni, kwa chaki yake nyekundu, kwamba hatua ya pili ya kaswende ni vipele ambavyo mara nyingi haviwashi. Alikuwa ametuonyesha viganja vyake mwenyewe ili tujue ni wapi pa kutazama, na sisi tukaanza kukaguana viganja darasa zima, tukitangaziana wagonjwa.

Huko nje Kiganda kiliisha, nikaingia mimi. Kidonda kisichouma, usihangaike na mtu. Mjomba alitikisa kichwa kidogo na mdundo, bila kujijua.

"Mjomba, ile niliitunga," nilisema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Mzee hakutaja wiki tatu. Niliweka mimi. Nilikuwa natafuta neno la kuishia kama 'mtu' na 'kitu'."

"Lakini ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe…"  Akachukua bisibisi ambayo hakuihitaji. "Nani amekuambia mambo yangu?"

"Kidonda kinakauka chenyewe. Kingekauka hata kwa chai. Tulifundishwa shuleni."

Alikasirika, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Alisema mimi mtoto wa juzi, sauti yenyewe nimeipata Novemba, nisimfundishe mwili wake. Alisema kama ana ugonjwa mbona anakula, mbona analala, mbona anafanya kazi toka asubuhi. Alisema mikono ya mafundi wote iko hivyo, niende nikamuulize fundi wa upande wa pili. Nilimwangalia, na nikaona kwamba hasira haikuwa kwangu. Alikuwa na woga. Mjomba wangu, ambaye hushika nyaya za umeme kwa vidole ili kujua kama umeme umerudi.

"Vua viatu," nikasema.

"Nini?"

"Vua viatu, mjomba. Kama huko chini hakuna kitu, nitakuomba msamaha mbele ya mama."

Alivua kwa hasira tu, kiatu kimoja kikagonga rafu ya spika. Akavuta soksi. Akainua unyayo kuelekea kwenye taa, ili animalize.

Madoa yalikuwa yaleyale, rangi ileile.

"Na miguu," niliuliza, "unachomelea nayo?"

Siku nyingine ningetembea nayo hiyo mji mzima. Pale haikumchekesha mtu. Mjomba alitazama unyayo wake jinsi anavyotazama saketi ambayo haelewi umeme unapotelea wapi. Watu walipanda ngazi, vumbi likatudondokea, hakulipangusa. Mwishowe alinyoosha mkono akachomoa pasi ya kuchomelea ukutani.

"Na mtoto?" akauliza.

Nikamwambia nilichokuwa nacho, bila mdundo. Kwamba inapita kwenye damu ya mama, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Kwamba mama akitibiwa mapema, na baba naye akatibiwa, mtoto ana nafasi nzuri ya kuzaliwa salama. Kwamba ni sindano, penisilini, dawa ya siku nyingi sana. Kwamba Anti ameshaanza, na yeye akiendelea kukaa hivi anaivuruga kazi ya sindano zake.

"Kwa hiyo si yeye aliyeleta."

"Kipimo hakisemi nani ameleta," nilisema. "Lakini kidonda kilikuwa chako."

Alivaa soksi kinyume. Akafunga kibanda kabla ya adhuhuri, jambo ambalo sijawahi kuliona hata siku ya mechi, na tukapanda teksi ya Ggaba, inayopitia Kansanga. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa mama, na mama akafunga mlango. Ugonjwa aliutoa wapi, na lini, ni mambo ya nyuma ya mlango ule, na safari hii sikuzunguka dirishani. Niliogopa. Walipotoka, macho ya mjomba yalikuwa mekundu, na alikwenda kukaa sakafuni karibu na miguu ya Anti, akaanza kumwambia kitu kwa sauti ya chini.  Anti hakuondoa miguu.

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja. Kule mwanamke akija na mume anahudumiwa kwanza, kwa hiyo Anti, ambaye safari ya kwanza alikaa kwenye benchi mpaka saa saba, aliingia kama mke wa waziri. Mjomba alipimwa vyote. Ukimwi hakuwa nao, kaswende ilikuwepo bila ubishi. Alichomwa sindano nene ya makalio, akaambiwa wasikutane mpaka muuguzi aseme, na arudi kupimwa tena damu baada ya miezi. Wiki nzima alikaa kwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani. Madoa yakafifia, ya mikononi na ya miguuni.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana, mzima, akachunguzwa na kupimwa kama walivyoshauriwa, hakukutwa na kitu. Kilio chake kilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Siku hizi wanakaa Bugolobi, kwenye fleti karibu na viwanda, na ninapokwenda kuwatembelea ananivua miwani na kuificha. Namkosa mjomba wa chini ya ngazi. Huyu wa Bugolobi ana duka lenye mlango wa kioo na anavaa shati la kola. Lakini tukibaki wawili bado tunapigana vikumbo vya kale, na bado ananiita mjomba.

Kipaza sauti kiliharibika tena Juni, kikaletwa kibandani. Kilirudi kwa mwenyewe kinaimba Kiganda tu. Mzee wa dawa alilalamika; mjomba akamwambia memori imeliwa na joto. Wangapi walikwisha kuusikia wimbo wangu kabla ya hapo, wakatazama kidonda kinakauka, wakanunua chupa nyingine ya kushukuru, hilo silijui na hakuna wa kumuuliza. Wapo askari waliorudi kambini nao, na wachuuzi waliovuka nao mpaka. Nikiwa na usingizi mbaya ndilo linalonijia.

Lakini nirudi siku ile waliyokwenda kliniki, kwa sababu kuna mtu mmoja alikuwa hajajua. Mama alikuwa dukani, anapima kitambaa kwa mkono, kutoka bega hadi kidole, amefurahi kwa namna yake ya kutotabasamu. Alinisifu. Mjomba alikuwa amemwambia kwamba mimi ndiye niliyeona miguu, na mama alikuwa ameshalirudia hilo kwa wateja wawili bila kutaja miguu ya nani. Alisema ada ya shule haikupotea. Ningeweza kunyamaza pale. Nilikaribia sana kunyamaza.

Nikamwambia. Blanketi, chapati, mzee, wimbo. Akaniambia niuseme, nikausema, bila kuimba. Aliendelea kukunja kitambaa hadi kikawa kidogo kabisa. Nilisubiri kofi, na kofi lingekuwa rahisi. Akauliza kama wakati ninautunga nilikuwa nimeshafundishwa shuleni kwamba kidonda kile kinapotea chenyewe. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama Anti anajua kwamba sauti ile ni yangu. Nikasema hapana. Nikaanza kueleza kwamba mjomba amesema tuyaache, kwamba yamekwisha, na nadhani nilikuwa naelekea kwenye kichekesho fulani, maana ndivyo mdomo wangu unavyojiokoa. Mama akainua mkono.

"Mjomba wako hakujua, wewe ulijua," alisema. "Nenda kamwambie mke wake. Mwambie yote, na usimchekeshe."